Ngome Mbili za Dilaram



Wapenzi wasomaji, hivi karibuni nilialikwa Nairobi kuhudhuria akdi ya nikahi katika mtaa wa Makina, Kibera, kwa jamaa zetu Wanubi ambao mababu zao walikaa pale tangu Kibera ilipokuwa msitu. Baada ya swala ya Alasiri niliteremka kwa miguu hadi Soweto West kumzuru binti wa mjomba wangu aliyeolewa huko.

Nilimkuta mwanawe wa kwanza, msichana wa miaka 11, ameketi mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mbele yake palikuwa na kipande cha kadibodi kilichochorwa miraba kwa kalamu. Nusu ya kete zilikuwa za plastiki, na nusu zilikuwa vifuniko vya soda vilivyoandikwa herufi. Alikuwa akicheza sataranji na kijana wa jirani aliyemzidi umri, na kijana yule alikuwa ameshika tama.

Mama yake alinikaribisha chai ya tangawizi, kisha akanieleza shida yake. Mwalimu wa skuli amemchagua binti huyu kwenda kwenye mashindano ya watoto siku ya Jumamosi. Baba amekataa. Amesema sataranji ni kamari, na kamari ni haramu.

"Sheikh, nisaidie," akasema. "Nikimruhusu nitakuwa nimemuasi mume wangu. Nikimkataza nitamvunja moyo mtoto. Na huyo bwana mwenyewe..." Akanyamaza. Sikumuuliza alilolimeza.

Nimeona kuwa swali hili si la nyumba moja. Hata huku kwetu pwani nimeulizwa na akina mama zaidi ya mara moja. Kwa hivyo nitalijibu hapa kwa urefu, kwa sababu mchezo huu una historia ndani ya nyumba yetu wenyewe Waislamu, na watoto wetu hawaijui.

Tuanze na hukumu. Sataranji ilitoka Bara Hindi, ikapita Uajemi, nao Waarabu wakaijua baada ya nchi ya Uajemi kufunguliwa. Ndiyo maana wanazuoni hawakupata Hadithi sahihi ya Mtume (s.a.w.) inayoitaja kwa jina, wakakhitilafiana. Madhehebu ya Imamu Malik, ya Imamu Abu Hanifa na ya Imamu Ahmad yameikemea vikali, na wengi wao wameiharamisha. Imamu Shafi, ambaye sisi watu wa pwani tunafuata madhehebu yake, aliiona kuwa ni makuruhu, si haramu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alieleza mipaka yake waziwazi: ikiwa ndani yake mna dau, au ikimpitisha mtu wakati wa swala, basi ni haramu bila shaka. Na katika tabiina, Said bin Jubayr amesimuliwa kuwa aliweza kuicheza hali ameupa ubao mgongo, akitajiwa hatua za mwenzake naye akitaja zake.

Khitilafu hii ingali hai. Mwaka 2016 ilienea kauli ya Mufti Mkuu wa Saudi Arabia kwamba sataranji haifai. Mwezi wa Desemba 2017, mji wa Riyadh katika nchi hiyo hiyo ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya sataranji ya haraka, na Viswanathan Anand wa India akaondoka na taji. Msomaji asishangae basi akiwasikia masheikh wawili wakitofautiana. Aangalie jambo ambalo wote wamekubaliana: dau. Hapo hakuna khitilafu hata kidogo. Suratul Maida, aya ya 90, imeitaja kamari pamoja na ulevi.

Sasa tuingie katika majumba ya Baghdad, kwani mashindano ya mabingwa hayakuanzia Ulaya. Katika zama za Khalifa al-Mutawakkil, aliyetawala kuanzia mwaka 847 hadi 861, bingwa mkongwe al-Adli alikalishwa mbele ya Khalifa kupambana na ar-Razi, na ar-Razi akamshinda. Miaka kama 50 baadaye, katika ukhalifa wa al-Muktafi, alizuka Abu Bakr as-Suli, mwanachuoni na mwandishi wa tarehe. Khalifa alikuwa akimpendelea mchezaji wake wa siku zote, al-Mawardi, na mwanzoni alimshangilia huyo waziwazi. As-Suli alimshinda kwa namna ambayo Khalifa mwenyewe ilimbidi abadili upande.

As-Suli aliacha fumbo moja la ubaoni, akasema hakuna alijuaye jibu lake isipokuwa yule aliyemfundisha yeye mwenyewe. Fumbo hilo lilikaa zaidi ya miaka 1000 mpaka bingwa wa Kirusi, Yuri Averbakh, alipolifumbua katika karne ya 20. Na pamoja na utukufu wote huo, as-Suli alipoteza hadhi yake katika utawala, akafia Basra mbali na majumba aliyoyang'arisha. Dunia haimlipi mtu kwa kadiri ya akili yake.

Katika mafumbo ya zama hizo limo moja ambalo akina mama na dada zangu wanapaswa kulijua. Linaitwa fumbo la Dilaram. Kisa chake ni cha mapokeo, wala sina sanadi ya kuwapa, lakini hatua za ubaoni ni za kweli na zimehifadhiwa.

Inasimuliwa kuwa bwana mmoja mwenye cheo alikuwa akicheza kwa dau. Alipoteza mali, akaweka mali nyingine, nayo ikaenda. Mwisho akamweka dau mkewe, Dilaram. Mchezo wenyewe ukamwendea mrama, kwani adui alibakisha hatua moja tu kummaliza. Dilaram alikuwa akitazama kutoka nyuma ya pazia. Akaona asichokiona mume, akamnong'oneza kwamba azitoe ngome zake zote mbili, amwokoe mkewe.

Ifuateni hesabu yake polepole. Mfalme wa adui amesimama karibu na pembe ya ubao, na askari wawili wa bwana wamemzibia njia za kutokea. Bwana anaipeleka ngome ya kwanza pembeni kabisa, ubavuni mwa mfalme. Mfalme hana budi kuila, naye anaingia pembeni. Sasa tembo, kete ambayo katika kanuni za zamani iliruka miraba miwili kwa mshazari, anaruka kando na kuifungulia njia ngome ya pili, iliyokuwa imefichwa nyuma yake. Mfalme anatishwa kutoka mbali. Adui anaweka ngome yake katikati iwe ngao. Ngome ya bwana inaila na kuendelea kutisha, mfalme anarudi alikotoka, na ngome hiyo ya pili nayo inakwenda pembeni pale pale ilipofia mwenzake. Mfalme anaila. Zote mbili zimekwenda! Lakini askari mmoja anapiga hatua moja mbele na kutisha, mfalme anarudi, farasi anaruka na kumfunga. Hana pa kwenda. Shah mat.

Kisa kama hicho kilitokea mbele ya macho ya watu huko London. Mwaka 1851 yalifanyika mashindano makubwa ya kwanza ya kimataifa ya zama hizi, watu 16 wakachuana, na mwalimu wa hesabu kutoka Ujerumani, Adolf Anderssen, akawa mshindi. Katika majira hayo hayo, nje ya mashindano, alicheza mchezo wa kirafiki na Lionel Kieseritzky, nao ukaja kuitwa Mchezo Usiokufa. Kanuni zilikuwa zimekwisha kubadilika Ulaya kabla ya mwaka 1500. Yule waziri wetu wa zamani, aliyekwenda mraba mmoja tu wa mshazari, alikuwa amegeuka malkia, kete yenye nguvu kuliko zote.

Kieseritzky alimtuma malkia wake kuokota nyara. Akaila ngome moja pembeni, na tembo wake akaila ya pili. Kete zake nyingine zilikuwa bado zimelala nyumbani. Anderssen alikuwa amekwisha kutoa tembo mmoja, akatoa ngome zote mbili, kisha akamtoa malkia mwenyewe. Katika hatua ya 23 akamfunga mfalme wa mwenzake kwa tembo mmoja na farasi wawili. Aliyeshiba nyara alishindwa, na aliyetoa alishinda.

Wapenzi wasomaji, naomba tutofautishe mambo mawili yanayofanana kwa sura. Dilaram alitoa, na mumewe aliweka dau. Dilaram alitoa kilicho chake, kwa hesabu aliyoiona hadi mwisho, ili kukiokoa kilicho kikubwa zaidi. Mumewe aliweka kisicho chake, kwani mke si mali ya mtu, kwa tamaa ya asichokijua. Kutoa kwa namna ya Dilaram ndiko anakokufanya mama anapojinyima kitenge cha Idi ili mtoto alipiwe karo. Huko kwingine ndiko kunakozimaliza nyumba. Watu wakisimulia kisa hiki humsifu mke kwa akili yake, na ni haki yake. Lakini mimi kila nikikisoma namuuliza yule bwana: nani alikupa idhini?

Tena isidhaniwe kuwa Dilaram ni wa hadithi tu. Mwaka 1929, Sultan Khan, Mwislamu wa Punjab aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya tajiri wake Sir Umar Hayat Khan, alikwenda naye Uingereza na kutwaa ubingwa wa nchi hiyo, akautwaa tena mwaka 1932 na 1933. Katika mashindano ya Hastings ya 1930 na 1931 alimshinda José Raúl Capablanca, aliyepata kuwa bingwa wa dunia. Mwaka 2024, miaka 58 baada ya kufa kwake, shirikisho la sataranji duniani lilimpa heshima ya kuitwa bingwa mkubwa. Wachache hukumbuka kwamba katika nyumba ile ile alikuwamo mtumishi wa kike, kwa jina Fatima, naye mwaka 1933 akatwaa ubingwa wa wanawake wa Uingereza. Binti wa Kiislamu, mtumishi wa nyumba, aliwashinda mabibi wa dola iliyokuwa ikiitawala nchi yake.

Na jirani zetu Kampala, katika mtaa wa Katwe ambao hali yake haipishani sana na Kibera, msichana Phiona Mutesi aliingia katika darasa la sataranji la mwalimu Robert Katende kwa kufuata kikombe cha uji kilichokuwa kikigawiwa pale. Mwaka 2012 alirudi kutoka mashindano ya mataifa ya Istanbul akiwa na cheo cha kimataifa. Uji ulimleta, na hesabu ikamfikisha Istanbul.

Turudi Soweto West. Baba wa nyumba alirejea wakati wa Magharibi, amechoka, nguo zina vumbi la saruji. Tukaswali pamoja mle chumbani. Tulipokwisha, simu yake ikalia mara mbili, akaitazama upesi, akaigeuza uso chini. Hapo nikalijua neno alilolimeza mkewe. Ni michezo ya kubashiri mipira, ambayo siku hizi imeingia mifukoni mwa vijana wetu na wazee wetu pia.

Sikumwambia kitu mbele ya watoto. Nilimsimulia kisa cha Dilaram, huku binti yake akizipanga kete kwenye kadibodi nifuate mwenyewe. Alicheka mwanzoni. Nilipofika pale bwana anapomweka mkewe dau, akaacha kucheka. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sheikh, kodi ya mwezi huu..." Hakumaliza, nami sikumlazimisha amalize. Nilimwambia tu kwamba alikuwa na haki ya kuiogopea nyumba yake kamari, na kwamba aitafute mahali ilipo.

Baadaye akauliza: "Hayo mashindano ya Jumamosi, watoto watapewa nafasi ya kuswali Adhuhuri?" Nikamwambia amuulize mwalimu, na hilo ndilo swali la baba.

Basi kwa ufupi, wazazi wenzangu: kwa madhehebu yetu mtoto hakatazwi sataranji yenyewe, ila msimwachie mpaka ikamla. Pasiwe na dau, hata la peremende. Ubao ufungwe adhana inapoadhiniwa. Pasiwe na matusi wala kiburi. Masomo na kazi za nyumbani vitangulie. Na mwenye kuwakataza watoto mchezo wa ubaoni aanze kwa kuitazama simu yake mwenyewe.

Juma lililofuata mama yake alinipigia simu. Binti alishinda michezo miwili na kushindwa mitatu. Aliswali Adhuhuri kwa wakati wake nyuma ya darasa, juu ya leso ya mamake. Kuhusu baba sikuuliza. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yaliyomo nyoyoni.

Tunamuomba Mola azihifadhi nyumba zetu na kamari ya dhahiri na ya siri, na awape mabinti zetu akili inayoona hadi mwisho wa jambo. Amin.