Du Bois apewe nafasi yake katika hadithi za kisayansi

Inapotajwa historia ya hadithi za kubuni za kisayansi, majina ni yaleyale: Jules Verne, H. G. Wells, kisha jarida la Amazing Stories alilolianzisha Hugo Gernsback mwaka 1926. W. E. B. Du Bois hutajwa kwingine kabisa, kwenye sosholojia na Umajumui wa Afrika. Lakini mwaka 1920, miaka sita kabla ya jarida hilo, alichapisha hadithi fupi "The Comet" ndani ya kitabu chake Darkwater, nami nashikilia kwamba ni miongoni mwa nguzo za utanzu huu. Jim, tarishi Mweusi wa benki mjini New York, anatumwa vyumba vya chini kabisa kutafuta kumbukumbu za zamani. Akiwa huko, gesi ya nyota yenye mkia inaua mji mzima. Anapotoka anaingia kwenye mkahawa wa Fifth Avenue na kujichukulia chakula. Jana yake wasingemhudumia. Baadaye anakutana na Julia, Mzungu tajiri aliyenusurika kwa kuwa alikuwa kwenye chumba cha giza akisafisha picha za nyota hiyohiyo. Kwa saa chache wanatazamana kama binadamu wawili, basi.

Wapo watakaosema hapo hakuna sayansi, ni siasa za rangi zilizovikwa joho. Hofu ya gesi, hata hivyo, haikutoka hewani: mwaka 1910, Dunia ilipokaribia kupita kwenye mkia wa nyota ya Halley, magazeti yaliandika juu ya sumu iliyogunduliwa humo, na watu wakaingiwa na kiwewe. Tena, Wells mwenyewe mwaka 1906 aliandika riwaya ambamo gesi ya nyota kama hiyo inawageuza wanadamu kuwa wema, na hakuna anayemnyima nafasi yake. Du Bois alifanya jaribio gumu zaidi: aliwaondoa watu wote ili aone kama ubaguzi ungeondoka nao.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba hadithi isiyosomwa na mashabiki haiwezi kuitwa nguzo. Mimi naona swali la Du Bois lilikuwa mbele ya wakati. Hollywood ililigusa mwaka 1959, katika The World, the Flesh and the Devil, ambamo Harry Belafonte ni mkaguzi wa migodi anayeibuka ardhini na kuikuta New York tupu, kisha anampata mwanamke Mzungu. Sidai kwamba filamu ilitokana na Du Bois. Yenyewe inataja riwaya ya M. P. Shiel. Ila inamalizika kwa watu watatu kushikana mikono, faraja ambayo Du Bois hakuitoa miaka 39 kabla. Kwake, baba yake Julia anatokea: kumbe ni New York peke yake iliyokufa. Jim anatiwa pesa mkononi, sauti kwenye umati inataka anyongwe, na mkewe anafika amembeba mtoto wao, maiti.