Mizani Si Hakimu

Wapo walimu wenzangu wasioianza siku kabla ya kupanda juu ya mizani. Mshale ukisogea kushoto, nyuso hukunjuka. Ukisogea kulia, chakula cha mchana hufutwa. Nami nilikuwa mmoja wao. Kwa miezi mitatu nilitembea kwa miguu hadi chuoni kila asubuhi, na mwishowe mizani ikasoma kilo 86, zile zile nilizoanza nazo. Nilikaribia kuacha. Kilichonizuia ni mshipi, uliokuwa umerudi ndani matundu mawili. Tena ngazi za ghorofa ya nne, ambazo zamani zilinifikisha darasani nikihema hadi wanafunzi wakacheka, sasa nazipanda huku nikizungumza.

Je, mizani ilisema uongo? La hasha. Iliulizwa mwili huu una uzani gani, ikajibu. Haikuulizwa uzani huo ni wa nini. Misuli ni mizito kuliko mafuta ya ukubwa ule ule, hivyo mtu aweza kubadilika umbo na kilo zisisogee. Isitoshe, maji na chakula huweza kuzipandisha au kuzishusha kilo moja au mbili kwa siku moja. Hata kile kipimo cha kliniki cha kugawanya kilo kwa kimo kilichozidishwa kwa chenyewe hakikubuniwa na tabibu. Chanzo chake ni Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji, mwaka 1832, aliyekuwa akimtafuta mtu wa wastani katika umma. Afya yako wewe, msomaji, haikuwa shughuli yake.

Neno lenyewe lingetutahadharisha. Katika ushairi, mizani ni hesabu ya silabi. Ni mwalimu gani wa Fasihi atakayeridhika na mwanafunzi aliyehesabu mizani 16 katika kila mshororo, akataja vina, kisha akaweka kalamu chini bila kugusa maudhui? Shairi huweza kutimiza mizani zote na lisiseme kitu.

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja alizirai mhadharani. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa hajala tangu jana yake, kwa kuwa mizani ya bwenini ilimwonyesha kilo moja zaidi. Huenda kilo hiyo ilikuwa maji.

Sisemi mizani zitupwe. Mtoto mchanga hana budi kupimwa kliniki, na anayekonda ghafla bila sababu amwone daktari. Lakini kwa anayefanya mazoezi, utepe wa fundi cherehani una habari zaidi: kiuno kisizidi nusu ya kimo. Saa ya mkononi nayo yatosha kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, asubuhi, kabla ya kutoka kitandani. Moyo uliozoea mazoezi hupiga polepole zaidi.

Msichana yule nilimshauri aanze na mapigo hayo. Juzi alinijia ofisini na daftari lake: yalikuwa 82, sasa ni 75. Kilo zake hakuzitaja, wala sikumwuliza.