Aliyeuawa na Mamba Hulipiwa, wa Risasi Je?

Mvuvi akiuawa na mamba kwenye delta ya Mto Kerio, sheria inaitambua familia yake. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo na milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu. Jirani yake akipigwa risasi na majambazi huko Kainuk, Kaunti ya Turkana, kwenye barabara ya Kitale kwenda Lodwar, familia huachiwa maiti na pole.

Wengi huona hilo ni sawa. Serikali haikumuua mtu, husema. Mlipakodi atabebeshwaje deni la jambazi? Alipe aliyekosa.

Hoja hiyo haifiki mbali Turkana. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inamruhusu mwathiriwa kudai fidia kwa mkosaji, lakini mahakama humwamuru alipe yule aliyetiwa hatiani. Wavamizi wa mifugo hushambulia, wakaswaga mbuzi na ngamia, wakatokomea; wengi hawapandi kizimbani kamwe. Mjane hubaki na gharama za mochari, karo ya watoto na zizi tupu. Amdai nani?

Wala serikali si mpita njia. Februari 2023, baada ya polisi kuuawa kwenye barabara hiyo hiyo ya Kitale–Lodwar, iliitaja Turkana miongoni mwa kaunti 6 zenye hali ya hatari, ikawapa wenye bunduki siku 3 wazisalimishe. Anayemwambia mfugaji aweke silaha chini amejitwika ulinzi wake. Ulinzi ukishindwa, hasara haiwezi kuwa ya mfugaji peke yake.

Wengine wanahofia madai ya uongo. Mbona ya wanyamapori hukaguliwa na kamati ya kaunti kabla ya kulipwa? Malipo hayo huchelewa mno, na hilo lirekebishwe. Kuchelewa hakumwondolei mtu haki. Wala wazo la serikali kulipa si geni: New Zealand ilipitisha sheria ya fidia ya serikali kwa waathiriwa wa uhalifu mwaka 1963, Uingereza ikaanza mpango wake 1964.

Kenya haianzi na mikono mitupu. Sheria ya 2014 iliunda mfuko wa waathiriwa, ukakaa kwenye makaratasi kwa miaka. Bunge liutengee fedha na kuweka viwango vya fidia kama vya wanyamapori. Madai yapokewe Lodwar na Kakuma penye kambi ya wakimbizi, ya raia na ya mkimbizi, kwa ripoti ya polisi na ya daktari, bila kusubiri muuaji ahukumiwe.