Tuache Kuandika Bahari ya Kuazima

Waandishi chipukizi wenzangu, leo nataka tusemane. Najua wapo watakaonuna. Wa kwanza kununa ni mimi mwenyewe, maana kosa ninalolisema hapa nimelifanya kwa kurasa 140.

Hapa Singida tunakutana kijiweni vijana sita, kila mtu na daftari lake kwapani. Wote watoto wa bara. Lakini soma madaftari yetu, utadhani tumezaliwa Pangani. Msichana akiachwa, anakwenda ufukweni kulia. Kijana akikosa kazi, anakaa gatini na mshipi wake akizitazama meli. Kusi na kaskazi zinavuma kila ukurasa kama feni. Jamani, bahari iko karibu kilomita 700 kutoka hapa! Sisi tumeitoa wapi?

Tumeitoa vitabuni. Na walioiandika vitabuni walikuwa na haki yao. Adam Shafi alipotoa Kuli mwaka 1979, aliandika habari za bandari ya Zanzibar, nyumbani kwao. Hemingway alipoandika habari za mzee na samaki wake mkubwa, kitabu kikatoka mwaka 1952, alikuwa anaishi Cuba na kuvua katika maji yale yale. Sisi tunachota maji yao, tunayamwaga kwenye daftari, halafu tunaita riwaya. Hiyo si riwaya, washikaji. Hiyo ni fiksi ya kijiweni.

Sikilizeni yangu. Shujaa wangu alikuwa anavua gatini mwaka mzima. Mwezi wa Julai bahari imetulia kama kioo, kaskazi inampepea, maji yako pale pale chini ya miguu yake asubuhi na jioni. Sura ya tatu anavua sato wa kilo mbili. Nilijiona babu kubwa.

Mwaka juzi niliuza kuku saba, nikapanda basi hadi Dar es Salaam kwenda kuiona hiyo bahari yangu. Ilikuwa Julai. Nikafika kwenye gati moja dogo ambako watu wanavua kwa mshipi. Upepo ulitaka kunivua shati. Nikamwona mzee mmoja anakunja mshipi wake, nikamwamkia.

"Shikamoo mzee. Kaskazi ya leo ni kali."

"Marahaba mwanangu," akasema, akanitazama toka viatu hadi kichwa. "Umetoka bara?"

Jioni ile yule mzee alinisomesha bila ada. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, na ndipo vyombo vidogo vinapothubutu kwenda mbali. Hii ya Julai ni kusi, bahari inachafuka, wengi wanabaki kuvua karibu na pwani. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua. Maji yanaweza kupanda zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Mvuvi wa gatini asiyeujua mwezi atatupa ndoana yake kwenye mawe makavu.

Nikamuuliza habari za sato. Alicheka mpaka akakohoa. "Sato ni wa Mwanza huko, mwanangu. Hapa utapata changu, tasi, kibua."

Kurasa 140 zilifia pale pale.

Sasa nawaambia kilichonichoma zaidi. Baba yangu mdogo ni mvuvi. Anavua perege ziwa Singidani, hapa hapa mjini, na mimi nimekua nikimbebea nyavu. Nilipokuwa sekondari sikumwambia mtu, maana wenzangu walitania harufu ya samaki. Ile mikono ya shujaa wangu iliyochanwachanwa na uzi ilikuwa mikono ya baba mdogo. Nilimnyang'anya, nikampa mtu wa pwani ambaye hayupo, kwa kuwa niliona ziwa letu halina hadhi ya kuingia kitabuni. Huo ndio wizi ninaousema. Tunaiba bahari ya wenzetu ili tufiche maji ya kwetu.

Na maji ya kwetu yana nini? Yana misimu kama ya wao. Singidani na Kindai ni maziwa ya chumvi yasiyo na mto wa kutoa maji; yanayoingia hutoka kwa jua na upepo tu. Mvua zikianza Novemba au Desemba, ziwa linapanda kwenye majabali. Zikikata, upepo wa baridi wa Juni unaingia mpaka kwenye mifupa. Kiangazi kikizidi, maji yanarudi nyuma, yanaacha ukingo mweupe wa chumvi, na baba mdogo anakanyaga tope kwanza kabla hajaufikia mtumbwi wake. Mwaka wa ukame anatembea zaidi, anarudi na kidogo. Nani ameliandika hilo? Tunangoja mtu wa Tanga aje atuandikie?

Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha ziwa Victoria. Rosa Mistika ya mwaka 1971 ilianzia huko huko kwao, haikuomba ruhusa ya pwani. Leo mtu wa pwani anaisoma bila kuuliza bahari iko wapi.

Kuna mshikaji kijiweni ananiambia mawazo hayana mipaka, mwandishi anaweza kuandika hata habari za mwezini. Sawa, sibishi. Lakini mwenye kutaka bahari aigharamie. Auze kuku, apande basi, akae gatini kusi na kaskazi, aulize, achekwe. Akirudi na aandike, nitamsoma. Asiyeweza nauli asitudanganye, maana msomaji wa pwani atagundua katika ukurasa wa kwanza, na msomaji wa Singida atajifunza uongo.

Mimi nimeanza upya. Nina kurasa 11 tu. Asubuhi nakwenda ziwani na baba mdogo, safari hii na kalamu mfukoni. Juzi aliniuliza ninaandika nini. Nikamwambia, "Ninakuandika wewe, baba." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi shika wavu vizuri kwanza."