Tusizisingizie Nyota

Kila lugha ina akiba yake ya maneno ya nuksi, na akiba hiyo hutuonesha watu wa kale walimtwika nani lawama mambo yalipowaharibikia. Kiingereza, lugha ambayo wengi wetu tumeisomea na kuiandikia ripoti za ofisini, ni mfano mzuri.

Tuanze na neno "disaster", ambalo sisi hulitafsiri kuwa maafa. Liliingia katika Kiingereza karne ya 16 kutoka Kifaransa na Kiitaliano, na ndani yake mna nyota: "astro" ni nyota, na "dis" huashiria ubaya. Maafa, kwa asili ya neno hilo, ni nyota iliyokaa vibaya. "Dismal", ambalo leo hueleza hali ya giza na huzuni, lilitokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya siku mbaya. Kalenda za Ulaya ya zama za kati zilitaja siku mbili za nuksi katika kila mwezi, yaani 24 kwa mwaka, ambazo haikufaa kuanza jambo zito. "Inauspicious" nalo linatupeleka Roma ya kale, kwa makuhani waliotazama ndege kabla ya shughuli za dola. Mswahili hatashangaa, kwani naye husema amepata ndege mbaya. Na "mishap" lina mzizi wa "hap", yaani bahati, uleule uliozaa "happy". Hata furaha ilihesabiwa kuwa zao la bahati.

Maneno haya yanafanana kwa jambo moja: mtendaji hayumo. Nyota haiitwi mahakamani, siku haijiuzulu, na ndege haandiki barua ya kujieleza.

Wazungumzaji wengi wa Kiingereza wamekwisha kusahau nyota zilizomo katika maneno hayo, lakini tabia ya kuzisingizia haikufa. Tarehe 21 Oktoba 1966, lundo la taka za mgodi wa makaa ya mawe liliporomoka juu ya kijiji cha Aberfan, Wales, likaua watoto 116 na watu wazima 28. Mwenyekiti wa shirika la umma la makaa, Lord Robens, alidai kuwa chemchemi iliyokuwa chini ya lundo haikuweza kujulikana. Kumbe ilikuwamo katika ramani, na wenyeji waliifahamu. Barua za kuonya kuhusu malundo yale juu ya shule zilikuwa zimeandikwa miaka kadhaa kabla. Mwaka 1967 baraza la uchunguzi lililitwika shirika hilo lawama. Hata hivyo hakuna mtumishi wake aliyefukuzwa kazi wala kushtakiwa.

Nasi tuna neno letu: ajali. Asili yake ni Kiarabu, "ajal", yaani muda uliokwisha kupangwa, hasa wa mtu kufa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikiwa kimebeba watu wengi kupita uwezo wake wa abiria 101. Watu zaidi ya 220 walifariki. Hilo nalo tuliliita ajali, kama kwamba hesabu ya abiria ilikuwa imeandikwa mbinguni.

Sisemi tuyafute maneno haya. Mfiwa anaposema ajali haina kinga, anatafuta faraja, na ni haki yake. Hakuna mwenye busara atakayemsahihisha msibani. Lakini kauli hiyohiyo ikitoka kinywani mwa mwenye dhamana, aliyelipwa mshahara ili ahesabu abiria au akague mlima wa taka, hugeuka kuwa ngao. Mfiwa husema hivyo ili aweze kulala usiku. Kiongozi husema hivyo ili asiulizwe kesho.

Basi mtumishi wa umma anayeandaa taarifa baada ya msiba, kabla ya kuandika "kwa bahati mbaya", na aandike kwanza nani alijua, alijua lini, na alifanya nini. Nanyi wanafunzi na wanaharakati, mkiisoma taarifa hiyo, tafuteni mtendaji katika kila sentensi. Mkimkosa, ulizeni kafichwa wapi.