Bandama ya Mchimbaji Isikatwe kwa Mazoea

Mgonjwa wa uvimbe wa kongosho atokaye Rwamgasa, kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita, hana budi kupelekwa hospitali ya rufaa, kama Bugando jijini Mwanza. Akipona, hurudi Rwamgasa. Marejeo hayo yanastahili kufikiriwa kabla kisu hakijashikwa.

Mkia wa kongosho umegusana na bandama, na mishipa mikubwa ya bandama hupita nyuma ya kongosho lenyewe. Ndiyo maana kwa muda mrefu ilikuwa desturi kuviondoa vyote viwili, hata pale uvimbe ulipokuwa mdogo na mpole. Kwa saratani kali desturi hiyo ina hoja. Asiwepo wa kubakiza chembe za saratani kwa kuihurumia bandama. Lakini upo uvimbe unaomwaga insulini kupita kiasi, ambao aghalabu hauzidi sentimita 2, na kwa wagonjwa takriban 9 kati ya 10 si saratani. Upo pia ule uwapatao zaidi wasichana na wanawake vijana, ambao huenea kwa nadra. Kwa wagonjwa hawa yawezekana kuondoa uvimbe peke yake, au mkia bila bandama. Mwaka 1988 Andrew Warshaw wa Boston alieleza kwamba bandama huweza kuishi kwa mishipa midogo itokayo kwenye tumbo la chakula, hata mishipa yake mikubwa ikikatwa. Mwaka 1996 Wataru Kimura na wenzake wa Japani walieleza namna ya kuibakiza hiyo mikubwa.

Asiye na bandama katika nchi ya baridi huhofia zaidi bakteria wa nimonia, naye huchanjwa. Rwamgasa huongeza malaria, kwa kuwa bandama ndiyo ichujayo chembe za damu zilizobeba vimelea. Tena, kipande kikubwa cha kongosho kikiondolewa, kisukari huweza kufuata. Insulini hutaka ubaridi, na vibanda vingi vya kando ya maduara havina jokofu (mtungi wa udongo wenye maji husaidia, nao usidharauliwe).

Upasuaji huu una gharama yake. Kukwangua uvimbe peke yake huweza kuvujisha majimaji ya kongosho, na mvujo usiotambuliwa huua. Mgonjwa aelezwe wazi kwamba huenda akakaa wodini na mpira wa kutolea majimaji kwa siku nyingi. Hata hivyo, mvujo hutokea mbele ya macho ya wauguzi. Homa ya asiye na bandama huja usiku, mbali na hospitali.

Uvimbe wenyewe sharti utambuliwe mapema. Mchimbaji anayetetemeka, kutokwa jasho na kusema ovyo kabla ya kula, kisha akatulia anywapo chai ya sukari, huenda akadhaniwa ana kifafa, mapepo, au sumu ya zebaki ichomwayo kwenye mialo. Zebaki hutetemesha kweli, ila haitulizwi na chai. Apimwe sukari kwa tone la damu ya kidole dalili zikiwapo, kisha apewe sukari papo hapo. Kipimo kikikosekana, sukari isingoje. Na barua ya rufaa, pamoja na majibu hayo, imweleze daktari wa upasuaji kama mgonjwa ana jokofu, analala ndani ya chandarua, na zahanati iko mwendo gani kutoka kwake.