Maktaba ya Chuo Kikuu na Sisi wa Mkonze

Wanafunzi wenzangu, walimu wetu, na wazazi mnaosoma gazeti hili la shule, napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu hudhani halituhusu, yaani maktaba za vyuo vikuu. Mara nyingi watu husema, "Zile ni nyumba za wasomi. Mtoto wa sekondari atafuata nini huko? Na mkulima je?" Mimi naona kauli hiyo si ya kweli, tena yatudhuru.

Kwanza tutazame mahali tulipo. Mwaka 2007 Dodoma ilipata vyuo vikuu viwili. Kimoja ni Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho ni cha serikali. Cha pili ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, cha Kanisa Anglikana, kilichofunguliwa katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo. Hebu fikirini: pale ambapo leo watu husomea digrii, zamani walikaa wanafunzi wa sekondari kama sisi. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuanza kwa fahari. Kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, ndipo kikahamia Mlimani mwaka 1964. Chuo cha umma ni mali ya umma. Kila anunuaye sukari dukani hulipa kodi, na kwa kodi hiyo ana sehemu yake katika vitabu vile.

Lakini neno langu kubwa si kwamba twende tukachukue. Neno langu ni kwamba tuna kitu cha kupeleka.

Maktaba ya chuo kikuu inaweza kuwa na vitabu vya Ulaya na Marekani rafu kwa rafu, lakini habari za Mkonze haiwezi kuzinunua London. Habari hizo zimo vichwani mwa wazee wetu. Chukueni mfano wa njaa kubwa iliyowapata Wagogo mwaka 1917 hadi 1920, iliyoitwa Mtunya. Vita ya kwanza ya dunia ilipofika nchini, majeshi yalichukua nafaka, ng'ombe, na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana. Watu wengi walikufa, na wengine wakahama. Walioiona kwa macho wamekwisha. Wamebaki watoto na wajukuu wao waliosimuliwa, nao ni wazee sasa. Kila mzee tunayemzika huenda na sehemu yake ya habari hiyo, na hakuna duka la kununua nyingine.

Kazi ya kuandika mambo haya ilikwisha anzwa na mwenyeji. Marehemu Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, aliandika kwa Kiswahili kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, nacho kikachapwa mwaka 1954. Hakungoja mgeni aje kumwandikia. Baadaye mtaalamu Peter Rigby aliishi Ugogo, akauliza mengi, akatoa kitabu kikubwa juu ya ng'ombe na ukoo wa Wagogo, kilichochapwa Marekani mwaka 1969. Ni kazi ya maana sana, lakini imeandikwa kwa Kiingereza. Mzee aliyejibu maswali, au mwanawe, hawezi kujua kilichoandikwa humo ila asomewe na mtu. Haifai habari ya watu itoke kwao isirudi. Maktaba ndiyo njia ya kuirudisha, na sisi vijana tunaojua Kigogo, Kiswahili, na Kiingereza kidogo, ndio wachukuzi.

Basi tufanye nini? Natoa mashauri manne.

La kwanza, shule yetu iunde chama cha maktaba. Mkuu wa shule amwandikie mkutubi wa chuo kikuu kuomba ruhusa, na wanafunzi waende makundi madogo madogo pamoja na mwalimu, kila mmoja akiwa na swali lake kwenye daftari. Aendaye bila swali hurudi na habari za ngazi na viti tu. Kabla ya hapo tuzoee maktaba ya mkoa, iliyopo mjini kwa ajili ya watu wote, ili tujue namna ya kutafuta kitabu na kukirudisha rafuni.

La pili, wakati wa likizo kila mwanachama amwendee mzee mmoja wa ukoo wake. Amsikilize kwa adabu, aombe idhini ya kuandika au ya kunasa sauti kwa simu, aweke jina la kijiji na tarehe, na jambo ambalo mzee hataki litoke nje aliache. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipewe mzee mwenyewe, na ya tatu tuiombee nafasi katika maktaba ya chuo kikuu.

La tatu, wakulima nao wasikae nyuma. Dodoma ni mkoa wa zabibu, zivunwazo mara mbili kwa mwaka, na pale Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zao hilo. Mkulima akiona ugonjwa katika mizabibu au wadudu katika uwele, swali lake laweza kupelekwa na kijana wa shule. Jibu likipatikana katika kitabu cha Kiingereza, kijana alifasiri kwa Kiswahili chepesi, mwalimu wa kilimo alisahihishe, nalo lisomwe katika mkutano wa mtaa.

La nne, ndugu zetu wa Mkonze walio vyuoni watusaidie. Wao ndio wenye mlango. Tunawaomba kila muhula watoe hata Jumamosi moja, waje watuonyeshe jinsi ya kutafuta vitabu kwa kompyuta, na kusoma nasi zile kurasa zinazotushinda.

Najua wapo watakaopinga. Watasema wanafunzi wa sekondari watapiga kelele na kuchana vitabu. Jibu langu ni kwamba adabu hufundishwa, na chama chetu kiwe na sheria: mikono safi, sauti ya chini, na atakayekunja hata ukurasa mmoja asiende safari ifuatayo. Wengine watasema vitabu vile ni vigumu mno. Ni kweli, vingi ni vigumu. Lakini picha, ramani, na magazeti ya zamani si vigumu, na hata kitabu kigumu hulegea kikisomwa na watu watatu pamoja. Wazazi watauliza nauli itatoka wapi. Shamba la shule lipo, na magunia machache ya mtama yatalipa.

Wavyele, wenzangu, na walimu, maktaba isiyo na sauti ya watu wanaoizunguka ni ghala lenye mazao ya wageni tu. Muhula ujao tuanze, hata tukiwa kumi. Mzee wa kwanza wa kuandikwa yuko nyumbani kwako, na huenda mwakani usimkute. Mwenye maoni bora kuliko haya na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa furaha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu